SOMO LA UMEME: TAA IKIZIMIKA NYUMBANI

Wasomaji wetu wa Mogitu, walio kando ya barabara kuu itokayo Babati kwenda Singida, na wale wa njia iendayo Haydom, wamekwisha kuzoea kuona nguzo za umeme zikipita katika mashamba ya mahindi na alizeti chini ya mlima Hanang'. Wazee wetu waliuita stimu, nao waliujua kwa sifa tu. Umeme uliwashwa Dar es Salaam mwaka 1908, zama za Wadachi, na kampuni ya TANESCO ilianzishwa mwaka 1931. Lakini kwa muda mrefu ulikuwa kitu cha miji, migodi na mashamba makubwa. Vijijini ulianza kuenea kwa nguvu baada ya Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, kuanza kazi mwaka 2007. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za kwetu mwenye nyumba ndiye mtu wa kwanza wa ukoo wake kukaa chini ya taa isiyotiwa mafuta.

Mtu huyo alilelewa na koroboi. Koroboi ikizimika, dawa yake yajulikana: ama mafuta yamekwisha, ama utambi umeungua, ama upepo wa mlimani umepenya mlangoni. Mtu huishika mkononi, huitazama, huitengeneza. Akikosea, huchafua vidole kwa masizi, basi. Ndiyo sababu taa ya umeme ikizimika mkono wake hutaka kufanya vile vile: kupanda kitini, kushika, kufungua, kutazama. Lakini koroboi iliyozimika haina moto ndani yake, na taa ya umeme iliyozimika yaweza kuwa na umeme wote ule ule uliokuwamo ilipokuwa ikiwaka. Katika somo hili twataka jambo hilo lishikwe kabla ya mengine yote.

Tutaeleza tuliyoyaona. Jioni moja, katika nyumba ya mwalimu mmoja jirani yetu, taa ya chumba cha kulala ilikataa kuwaka. Mwalimu huyo si mtu wa pupa. Kwanza alizima swichi ya ukutani. Kisha akamwita mwanawe amshikie tochi, akapanda kitini. Globu ilikuwa imekatika shingoni, kioo kimebaki mkononi na kishina chake kimebaki ndani ya holda. Akaingiza vidole viwili ili akizungushe kitoke. Sisi tulikuwa uani kwetu. Tulisikia kishindo, halafu yowe la mtoto. Tulimkuta mwalimu sakafuni, kiti kimemwangukia, macho yako wazi wala hasemi. Hakufa, twamshukuru Mungu. Lakini mkono wake ulikuwa na ganzi kwa siku mbili, na vidole vile vina makovu hata leo. Neno la kwanza alilolisema lilikuwa hili: "Lakini nilizima swichi!"

Ni kweli aliizima. Fundi mwenye leseni alipokuja siku ya pili alifungua swichi ile, akaona kwamba aliyeitia waya nyumba hiyo zamani alikuwa ameiweka swichi katika waya usio wake. Yatupasa kueleza maana yake, kwa kuwa nyumba zenye kosa hili si chache.

Umeme huja kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Ule unaokuja mafundi huuita waya wa moto. Ule wa kurudi huuita nyutro. Tuufananishe na mfereji wa kumwagilia shamba. Ukifunga mlango wa mfereji huko juu, kwenye banio, mfereji mzima hukauka. Ukiufunga huku chini, mwisho wa shamba, maji hayatembei tena, lakini mfereji umejaa pomoni, na aingiaye hulowa. Swichi iliyo katika waya wa moto yafunga huko juu: taa yazimika, na holda haina kitu. Swichi iliyo katika nyutro yafunga huku chini: taa yazimika vile vile, wala macho hayawezi kujua tofauti, lakini holda imejaa umeme ukingoja njia ya kupita. Mwalimu alipoingiza vidole, yeye ndiye aliyekuwa njia.

Msomaji aweza kusema, taa moja ina umeme kidogo, utamfanya nini mtu mzima? Na atazame hesabu. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230. Globu ya zamani ya wati 60 hupitisha takriban robo ya ampea. Sehemu moja ya kumi ya ampea, ikipita kifuani kwa nukta chache, yatosha kuuvuruga moyo usipige tena. Taa ile ndogo ya kusomea Biblia au gazeti hutumia kadiri inayozidi hiyo mara mbili na nusu.

Basi, taa ikizimika, mtu na afanyeje? Aanze nje aingie ndani, wala asianze na ngazi.

Kwanza atoke mlangoni atazame kwa jirani. Jirani naye akiwa gizani, jambo si la nyumba yake, ni la TANESCO. Kazi yake ni kuchomoa redio, televisheni na friji katika soketi, kwa maana umeme urudipo mara nyingine hurudi kwa kishindo na kuviunguza. Asiende kwenye nguzo kutazama. Jirani akiwa na mwanga na yeye hana, na atazame mita. Mita zetu ni za LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na wengi wamemsumbua fundi usiku kumbe yuniti zimekwisha. Namba ya malipo ni tarakimu 20. Ikikataliwa, isomwe upya polepole kabla ya kulaumu mtu. Mita ambayo haikuingiziwa zile namba mbili za ziada zilizotolewa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024 haikubali namba mpya hata ziingizwe mara mia. Mwenye nayo na aende ofisi ya TANESCO. Kifungo cha risasi kilicho juu ya mita kisiguswe kabisa.

Mita ikiwa na yuniti, aende kwenye sanduku la breka. Nyumba iliyotengenezwa vyema huwa na breka moja ya taa na nyingine ya soketi, na juu yao swichi kuu, ambayo wengi huiita meini swichi. Soketi zikifanya kazi na taa zote zimezimika, breka ya taa imejiangusha. Taa moja tu ikiwa imezimika na nyingine zawaka, breka haina kosa. Tatizo li katika globu, holda, swichi au waya wa taa hiyo peke yake. Hapo tayari mtu amekwisha kujua nusu ya ugonjwa, wala hajagusa kitu.

Tuanze na taa moja, maana ndiyo ajali ya kila siku. Zima swichi kuu. Hatusemi swichi ya ukutani, wala hatusemi breka ya taa. Twasema swichi kuu, ambayo hukata nyaya zote mbili kwa pamoja, ule wa moto na ule wa kurudi. Breka ndogo hukata mmoja tu, na kama aliyetia waya alizigeuza, itakata ule usiofaa. Nyumba nzima itakuwa gizani kwa dakika kumi, na iwe. Mwambie mtu mzima mmoja asimame karibu na sanduku ili asije mtoto akaiwasha. Kisha chukua tochi, panda juu ya kitu cha mti kilicho kikavu na imara, subiri globu ipoe, uitoe. Jaribu globu ile katika holda nyingine iliyo nzima, au tia hapo globu ujuayo kuwa ni nzima. Mara nyingi mambo huishia hapo. Globu hizi za kisasa za LED husifiwa kwamba hudumu miaka mingi, lakini ndani yake mna mashine ndogo, na mashine hiyo haipendi umeme unaopanda na kushuka kama wa kwetu.

Globu ikiwa nzima, tazama holda kwa tochi, umeme ukiwa bado umezimwa. Holda ya pini ina vijiti viwili vyenye springi. Kimoja kikikwama ndani, hakigusi globu. Ikiwa plastiki imegeuka rangi ya kahawia au imepasuka, au yanuka kama kitu kilichoungua, holda hiyo imekufa nayo yataka fundi. Holda ya kuzungusha ina hatari yake: waya wa moto wapasa kufungwa katika kile kibati cha katikati, chini kabisa, ukifungwa katika zile hesi za pembeni, mtu agusaye shingo ya globu anapoizungusha hugusa umeme. Na kishina kilichovunjika ndani ya holda kisitolewe kwa vidole hata umeme ukiwa umezimwa. Kuna koleo kwa kazi hiyo.

Watu wengi siku hizi wana testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo katika mpini. Ni chombo kizuri katika mikono ya mtu ajuaye udhaifu wake. Kitaa kikiwaka, pana umeme. Hilo ni kweli. Kisipowaka, haina maana kwamba hapana umeme: huenda testa imeharibika, au jua ni kali hata kitaa hakionekani. Mafundi waliofundishwa vema hufanya hivi: huijaribu kwanza mahali pajulikanapo kuwa na umeme, kisha hupima mahali pa kazi, kisha huirudisha tena pale pa kwanza kuona kama bado ni nzima. Asiyefanya mara tatu, hajapima.

Wala rangi za nyaya zisiaminiwe kama maandiko. Kwa desturi ya zamani waya wa moto ulikuwa mwekundu, na nyutro nyeusi. Kwa desturi mpya waya wa moto ni wa kahawia, na nyutro ni ya buluu, na wa ardhi ni wa kijani chenye mistari ya njano. Lakini katika desturi ile ya zamani, palipoletwa njia tatu za umeme kwa mashine ya kusaga, buluu ilikuwa waya wa moto. Na katika desturi mpya, mweusi ni mmojawapo wa nyaya za moto. Kwa hiyo weusi na buluu zimebadilishana kazi, na katika kijiji kimoja waweza kukuta nyumba za desturi zote mbili. Zaidi ya hayo, waya mweusi unaotoka katika swichi kwenda kwenye taa si nyutro hata katika nyumba ya zamani: ni waya wa moto uliokwisha kupita katika swichi, ukavaa nguo nyeusi. Mtu aliyesoma jambo hili mara moja hatadanganyika akaushika.

Sasa tuseme juu ya breka iliyojianguisha yenyewe. Hapa tuna neno na Kiswahili chetu. Watu husema fulani "amepigwa shoti", na husema pia nyumba "imeungua kwa shoti", kana kwamba ni jambo moja. Ni mawili. La kwanza ni umeme kupita katika mwili wa mtu. La pili ni waya wa moto kukutana na nyutro pasipo taa katikati yao, umeme ukapita wote kwa wingi na kuzitia nyaya moto. Breka na fyuzi zimewekwa kwa ajili ya hili la pili. Kwa la kwanza hazisaidii kitu. Mwili wa mtu hupitisha umeme mdogo mno hata breka haihisi, ingawa wamtosha kuuawa. Kinachomkinga mtu ni swichi nyingine ya usalama, iliyo na kitufe kidogo cha kujaribia, nayo hukata umeme ukivuja sehemu 30 tu katika 1,000 za ampea. Nyumba isiyo na swichi hiyo ina upungufu mkubwa. Iliyo nayo, kitufe kile kibonyezwe mara kwa mara. Isipokata, imekwisha kufa.

Breka ya taa ikijiangusha, zima swichi zote za taa ukutani, kisha irudishe mara moja. Ikishika, washa taa moja moja, ukingoja kidogo kila mara. Taa itakayoiangusha ndiyo yenye kosa: iache imezimwa, nyingine zitumike salama mpaka fundi aje. Ikianguka hali swichi zote zimezimwa, kosa li katika nyaya zenyewe darini au ukutani, wala si kazi ya mwenye nyumba; iache chini. Tulisema mara moja. Anayeirudisha mara ya tatu na ya nne, akiishikilia kwa kidole ikatae kuanguka, anapasha moto waya ulio juu ya vichwa vya watoto wake.

Katika nyumba zilizotiwa waya miaka iliyopita bado mna fyuzi. Hapa twaungama. Sisi wenyewe, ujana wetu, tulipopanga chumba, fyuzi ya taa ilikatika usiku wa kuamkia sikukuu, na maduka yamefungwa. Tulichukua karatasi ya fedha ya paketi ya sigara, tukaikunja, tukaitia mahali pa fyuzi. Taa zikawaka, tukajisifu. Hesabu tuliyoijua baadaye ni hii. Fyuzi ya ampea 5 kwa volti 230 hubeba wati 1,150. Taa kumi za LED za wati 9 hazifiki hata nusu ya ampea moja. Basi fyuzi ya taa haikatiki kwa sababu ya taa, kuna kitu kingine. Kwetu kitu hicho kilikuwa birika la wati 2,000 ambalo mpangaji mwenzetu alilichomeka kwa kamba iliyotoka katika holda ya taa. Lilitaka karibu ampea 9. Waya wa taa, ambao unene wake ni milimita mraba 1.5, huvumilia takriban ampea 15. Karatasi ile ya fedha, na msumari ambao wengine hutia, hubeba zaidi ya hizo bila kukatika. Kwa hiyo kitakachokatika kwanza ni waya wenyewe, ndani ya dari, juu ya mbao kavu. Fyuzi ikikatika haijaharibika. Imefanya kazi iliyonunuliwa kuifanya. Badala yake itiwe fyuzi ya kadiri ile ile, na pasi na birika virudi katika soketi.

Kuna kosa lingine ambalo twalitaja kwa sababu nyumba zetu ni za mabati. Waya upitao ukutani kuingia ndani, ukiegemea ukingo wa bati, hukatwa kidogo kidogo kila upepo uvumapo, na upepo wa kwetu hauna likizo. Panya nao, mavuno yaingiapo darini, hutafuna gome la waya pamoja na gunzi. Waya wa moto uliochunika ukigusa bati, paa lote hupata umeme, na taa zaweza kuendelea kuwaka kama kawaida, mtu asijue. Hujua siku ya mvua, mama agusapo bati kwa mkono uliolowa, au mtoto agusapo kamba ya kuanikia nguo iliyo ya waya na iliyofungwa kwenye paa. Mtu akisema amehisi mtetemo au mwasho akigusa ukuta uliolowa, mlango wa chuma au kamba ya nguo, asichekwe. Zima swichi kuu, watu waondoke ukutani, aitwe fundi siku hiyo hiyo. Na kamba ya nguo iwe ya katani au nailoni, ifungwe kwenye miti.

Katika nyumba ambamo waya wa ardhi umefanyiwa kazi vizuri, umeme wa namna hiyo hupata njia ya kwenda chini na breka huanguka. Waya huo huenda kwenye fimbo iliyofunikwa shaba, iliyochomekwa ardhini nje ya nyumba. Fimbo hiyo yapenda udongo wenye unyevu. Kiangazi cha kwetu kikikaza, udongo ukapasuka, nguvu yake hupungua sana. Tumeona wengine wameing'oa wakauza shaba, na wengine wameitumia kufungia ndama. Mwenyekiti wa kitongoji akipita nyumba kwa nyumba kwa shughuli nyingine, atafanya vyema akitazama kama fimbo bado ipo na waya wake haujakatika kwa jembe.

Taa kufifia nako kuna maana. Zikififia jioni tu, watu wote wanapopika na kutazama televisheni, au fundi wa kuchomelea vyuma anapoanza kazi, ni kwa kuwa nyumba iko mbali mwishoni mwa njia. Laudhi, lakini haliui. Taa za nyumba moja zikiwa zinapepesa na sanduku la breka linatoa mlio kama wa mafuta ya kukaangia, kuna waya uliolegea nao waungua: zima swichi kuu. La hatari zaidi ni hili: taa za nyumba yako zang'aa kupita kiasi, nazo za jirani zimefifia kama makaa. Maana yake ni kwamba nyutro imekatika huko kwenye njia, na volti 400 za njia mbili za moto zinagawanywa kati ya nyumba zenu pasipo haki. Usingoje kuona. Zima swichi kuu, wapigie kelele majirani wazime zao, kisha TANESCO waarifiwe.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 hatuwezi kuipita. Tope na mawe vilipotelemka kutoka mlima Hanang' na kuingia Katesh na vijiji vya karibu, watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na nyumba zilizosalia nyingine zilijaa tope hadi madirishani. Nyumba iliyoingia maji au tope isiwashwe umeme kwa kuwa tu kuta zaonekana zimekauka. Maji hukaa ndani ya mipira ya nyaya, nyuma ya soketi, majuma kadhaa, na tope lililokauka hunyonya unyevu wa usiku. Swichi na soketi zilizozama hubadilishwa, hazisafishwi. Fundi hupima nyaya kwa chombo kiitwacho mega, kinachosukuma umeme wa volti 500 kuona kama gome bado lazuia. Kipimo kisipofika megaomu 1, nyumba haiwashwi. Na mtu anayerudi katika nyumba ya namna hiyo asiingie majini kwenda kuzima swichi kuu akiwa amesimama ndani ya maji hayo. Aombe TANESCO wakate huko nguzoni.

Yatokeapo maafa, mtu akashikwa na umeme, desturi yetu njema ya kukimbilia na kumkumbatia ndugu ndiyo inayoua wawili. Asishikwe. Zima swichi kuu kwanza. Isipofikika, simama juu ya ubao mkavu, umsukume umwondoe kwa mti mkavu, wala si kwa chuma wala kwa mti mbichi. Haya ni kwa umeme wa nyumbani tu. Waya wa njia kubwa, wa volti 11,000 au 33,000, ukianguka, mtu asiukaribie kwa hatua zipungukazo kumi na tano, hata kama wamwona aliyeanguka karibu nao, maana ardhi yenyewe ina umeme. Akiwa amekwisha kuachana na waya na hapumui, alazwe chali mahali pagumu, na mtu mwenye nguvu abonyeze katikati ya kifua kwa viganja viwili, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akipokezana na mwenziwe, mpaka apumue au wafike kwa mganga. Asimwagiwe maji, wala asizikwe mchangani kama wengine wanavyofanya. Mchanga hauvuti umeme, kwa kuwa umeme haubaki katika mwili.

Hata hapa mtu wa kawaida amejua kubadili globu, kurudisha breka mara moja, kutia fyuzi ya kadiri yake, na kujua wakati wa kuzima vyote. Kufungua swichi, kuunga waya darini na kuongeza taa ni kazi ya fundi aliye na leseni ya EWURA. Naye aombwe aionyeshe, wala haya isiwepo, kama tunavyomwomba dereva. Aliyemuumiza jirani yetu hakuwa nayo. Alikuwa kijana hodari wa kila kazi, na bei yake ilikuwa nusu.

Kabla fundi hajaja, mwalimu au mtoto wa shule na aandike katika karatasi: ni taa zipi zilizozimika na zipi zilizobaki, saa ngapi, kama mvua ilikuwa ikinyesha, kitu gani kilikuwa kimechomekwa, breka ipi ilianguka, na kama ilirudishwa, ilikaa muda gani. Karatasi hiyo humwokolea fundi saa nzima, na saa ya fundi hulipiwa. Jirani yetu sasa anayo daftari yake, imetundikwa kwa uzi kando ya sanduku. Na juu ya kila breka amebandika kipande cha karatasi, ameandika kwa wino kwa mkono ule wenye makovu: TAA, SOKETI, JIKO. Na juu ya swichi kuu ameandika, ANZA HAPA.